Ng'ombe Wako Asinisubiri Mimi

Oyugis, dukani kwa Mjomba Bakari
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiweka shikamoo hii juu kabisa ili uiitikie kabla hujakasirika, maana nikishaanza kueleza huenda marahaba ikakukwama. U hali gani? Miguu yako je, bado inakuuma ukiamka? Na Bibi, anakula vizuri au bado anadai kila chakula hakina chumvi? Mimi mwili wangu ni mzima. Sina homa, sina kikohozi, na huku kwa Mjomba sikosi chakula. Hayo ya mwili yameisha, na yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, nikikupigia, wewe humpa mdogo wangu Mwanaisha aifungulie sauti, na baraza zima linakaa kimya kunisikiliza. Juzi nilimsikia jirani akicheka hata kabla sijamaliza salamu. Mambo haya siwezi kuyasema mbele ya baraza. Nampa barua Bwana Salim, yule anayemletea Mjomba leso na mapazia kutoka Mombasa. Ameahidi kuifikisha Msambweni kwa mkono wake. Isome peke yako kwanza. Ukitaka kumwambia Mwanaisha baadaye, shauri yako.

Nimepata habari za ng'ombe wako. Mwanaisha alinieleza kwamba kwato za nyuma zimerefuka hata zimepinda, kwamba anachechemea akienda kisimani, na kwamba yule bwana wa mifugo alipopita hapo na visu vyake ulimrudisha. Ulimwambia, "Mimi nina daktari wangu, yuko bara, anakuja." Mwanaisha alinisimulia huku akicheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Nilikata simu nikajifanya chaji imekwisha.

Ngoja nikueleze nilipo na nilivyofika hapa, ndipo utaelewa habari ya huyo ng'ombe.

Ulinisindikiza chuo cha mifugo ukiwa na kuku wawili wa mwalimu na fahari ya kutosha kijiji kizima. Nilisoma, nikafaulu, na karatasi nikaileta ukaitia kwenye fremu. Kitu ambacho sikukuambia ni kwamba chuoni tulikuwa wanafunzi wengi na ng'ombe mmoja. Siku ya kufundishwa kuzalisha, mimi nilikuwa nimesimama upande wa kichwa, nyuma ya wavulana warefu. Nilichokiona ni masikio. Siku ya kufundishwa sindano, ng'ombe alichoka kudungwa akapiga teke, mwalimu akasema inatosha, mengine tutayakuta kazini. Basi nikatoka pale na karatasi nzuri na mikono isiyojua kitu. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba dawa yake ni kupata mtu wa kufanya kazi chini yake mpaka mikono izoee.

Hapo ndipo safari iliponigeuka, Mama. Kila niliyemwendea aliniuliza swali moja: umewahi kufanya wapi? Nikisema bado, anasema nenda ukafanye kwanza, halafu urudi. Nikiuliza nikafanyie wapi, ananitazama kama niliyemuuliza njia ya mbinguni. Nilizunguka Mombasa, nikazunguka Kilifi, mwisho Mjomba akasema huku Nyanza watu wana ng'ombe wengi na madaktari wachache, njoo. Nikaja Oyugis.

Duka la dawa za mifugo lilinichukua hapa mjini. Nilifurahi. Nilidhani watu watakuja na wanyama wao. Watu walikuja na chupa tupu. "Nipe ile dawa ya minyoo ya kifuniko ya bluu," wanasema, na ukiwauliza mnyama ana dalili gani, wanakuambia, "Wewe uza tu." Niliuza. Niliuza vifaranga, niliuza chumvi ya kulamba, nilifagia mbegu za mahindi sakafuni. Ng'ombe nilimwona siku ya soko akipita barabarani, na hata yeye hakunitazama.

Ndipo nikasikia habari za Daktari Okello wa Sori. Sori iko kule Nyatike, upande wa Migori, ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo omena, dagaa wa huku, zinaanikwa mpaka nguo zako zinanuka hata ukizifua. Daktari Okello anahudumia vijiji vyote vya pale na anavuka hata mpaka Kisegi akiitwa. Ni mtu mnene, mchovu, ana pikipiki iliyochoka kuliko yeye. Nilimwendea nikamwambia nitabeba sanduku, nitaosha vyombo, nitafanya lolote, bora anifundishe. Aliangalia buibui langu, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Nyar Mombasa, hii kazi iko na mavi mingi." Nyar Mombasa maana yake binti wa Mombasa. Hilo ndilo jina langu huku. Kumwambia mtu kwamba Msambweni si Mombasa ni kupoteza pumzi.

Akanichukua. Na alikuwa mkweli, mavi yalikuwa mengi.

Mama, nilibeba lile sanduku. Nililibeba kwenye tope, kwenye jua, kwenye mawe. Nilichemsha sindano, nilisugua mabuti yake, nilishika kamba. Tulipofika bomani, wenye ng'ombe walimsalimia Daktari, wakasalimia pikipiki, halafu wakaniletea mimi kigoda nikakae na wanawake. Mara moja Daktari aliniruhusu nidunge sindano, mwenye ng'ombe akaisukuma mikono yangu. "Hapana, huyu mama asijifunzie kwa yangu. Ajifunzie kwa ya jirani." Jirani naye alisema vivyo hivyo. Kisegi tuliitwa kwa nguruwe. Usimwambie Maalimu wa madrasa, nakuomba. Nilivaa glovu mbili kila mkono, nikawashika wale watoto wa nguruwe kwa miguu mmoja mmoja, wanapiga kelele hadi masikio yanaziba, nikanawa baadaye mpaka ngozi ikaniwasha. Nilijiambia kama naweza hili, naweza lolote. Tulipomaliza, mwenye nguruwe alimshukuru Daktari kwa kazi nzuri na akaniuliza mimi kama najua kupika chai.

Usinielewe vibaya, Daktari Okello si mtu mbaya. Siku moja tulikuwa tumekaa kivulini tunasubiri pikipiki ipoe, nikamuuliza lini atanisimamia ili nisajiliwe nifanye kazi kwa jina langu. Bila mtu kama yeye kusema kwamba nimefanya kazi chini yake na najua, sina njia. Akapangusa jasho, akasema:

"Mimi nilibeba sanduku ya mtu mpaka nywele ikaanza kutoka. Hakuna mtu alinionea huruma."

"Basi nionee mimi," nikasema.

Akacheka. Kisha akawa hacheki. "Sikia. Siku utanionyesha mnyama moja, moja tu, umeishika wewe mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kutoka imelala chini mpaka imerudi kwa malisho. Hiyo siku nitasimama mahali popote niseme huyu msichana anajua kazi. Kabla ya hapo usinisumbue."

Mnyama mmoja, Mama. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Kila tulipoitwa nilikuwa nikiangalia kama ndiye.

Alikuja kuwa fahali wa Mzee Nyangweso. Mzee huyu boma lake liko juu kidogo ya Sori, mahali ambapo unaliona ziwa lote. Alikuwa amezeeka sana na kifua kinamsumbua, amekaa kwenye kiti chake cha kamba mlangoni kutwa nzima. Mbele yake, chini ya mti wa mwiba, alikuwa amelala fahali mwekundu anayeitwa Silwal. Tulipofika, Daktari alimfunua mdomo, akanionyesha ufizi. Ulikuwa mweupe, na jicho kwa ndani limepauka na lina umanjano. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa wa kupe, ambao unakula damu ya mnyama ndani kwa ndani mpaka anabaki gofu. Daktari alimdunga siku ile ya kwanza, akapigiwa simu ya dharura kutoka upande mwingine, akasema atarudi. Mzee akauliza, "Na huyu?" akininyooshea mimi mkono.

"Huyu bado anajifunza," Daktari akasema.

"Na mimi ninakufa," Mzee akasema. "Wacha tujaribu sisi wote wawili."

Sijui kwa nini alinikubali. Labda alikuwa amechoka kubishana na dunia. Daktari aliniachia dawa, akanielekeza kiasi na saa, akaniambia, "Haya, mnyama yako ndiyo hii." Akaondoka.

Mama, nisikilize. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe. Nilikuwa nafika pale asubuhi kabla umande haujakauka. Nilimdunga mimi, kwa mkono wangu, na siku ya kwanza nilipima kiasi mara tatu, ya pili mara moja. Nilimkatia nyasi mbichi nikamlisha mkononi. Alipokuwa hawezi kunywa, nilimwekea maji kwenye karai nikayakoroga kwa vidole ili asikie sauti yake. Mzee alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake, Kiswahili chake kikimwishia akinisemesha kwa Kijaluo nisichokijua, na mkewe, Mama Atieno, akinitafsiria yale yanayofaa na kuyaacha yasiyofaa. Silwal alianza kuinua kichwa. Kisha akasimama kwa magoti, akaanguka. Kisha akasimama kwa miguu yote, akakaa amesimama, anatetemeka, na Mzee akapiga makofi kama mtoto.

Ufizi ulianza kupata rangi. Kidogo tu, si sana. Nilimweleza Mama Atieno kwamba damu ya ugonjwa huu hurudi polepole mno, kwamba fahali anaweza kusimama, akala, akaonekana mzima, na bado ndani ni mtupu. Asifungwe jembe, asipelekwe mbali, na zaidi ya yote asikimbizwe. Mnyama wa ndigana baridi akikimbizwa moyo wake haupati damu ya kutosha, unasimama. Mama Atieno akawaambia watu wote wa boma. Walikubali.

Daktari akasema atakuja Jumamosi kumwona, na kama atamkuta malishoni, basi, ahadi ni ahadi. Ijumaa nilimwosha. Nilimsugua kwa brashi, nikamtoa kupe wote mpaka wa ndani ya masikio, nikampaka mafuta kidogo kwenye pembe. Nilitaka Daktari akifika asiwe na la kusema. Silwal aling'aa, Mama. Manyoya yake yalikuwa mekundu kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Mzee alimtazama akasema neno moja, Mama Atieno akanitafsiria: "Anasema sasa anaweza kwenda."

Mimi nilidhani anamsema fahali.

Mzee Nyangweso alifariki alfajiri ya Jumamosi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilipofika na nyasi zangu nikakuta boma limejaa watu na vilio.

Sasa, Mama, kuna jambo la huku lazima nikueleze. Kwa Wajaluo, akifa mzee mwenye boma lake, wanaume huwatoa mafahali, wakawavisha majani na mimea inayotambaa, wakapiga ngoma na pembe, wakakimbia nao na fimbo na mikuki mpaka nje ya kijiji ili kukifukuza kifo kisirudi hapo. Wanaita tero buru. Ni heshima ya mwanamume. Mzee akizikwa bila hiyo ni kama amezikwa mpita njia. Wengine siku hizi wameiacha kwa sababu ya dini, na Mama Atieno mwenyewe ni Msabato, haipendi. Lakini boma lilikuwa limeshaingia mikononi mwa Ouma, mdogo wake marehemu, na Ouma hakuwa na muda wa mambo ya Msabato wala ya nyar Mombasa.

Nilimwona amemshika Silwal kamba, watu wanamvisha majani shingoni.

Nikamwendea. "Mzee wangu, pole sana kwa msiba," nikasema. "Lakini fahali huyu hawezi kukimbia. Damu yake bado haijarudi. Akikimbia atakufa."

Ouma akanitazama kwa macho mekundu ya kulia. "Jana wewe mwenyewe umeosha hii ndume mpaka inang'aa. Kila mtu ameona. Leo unasema ni mgonjwa?"

"Anang'aa kwa nje."

"Ndugu yangu alipenda ndume gani ingine? Tukimbize mbuzi?"

Watu walianza kunikusanyikia. Nikawaambia wachukue wale mafahali wengine, yuko mweusi wa jirani, wako wengi. Ouma akasema wale watakuja pia, lakini wa mbele lazima awe wa marehemu mwenyewe. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu aliyefiwa, anataka kumsindikiza kaka yake na kitu alichokipenda kaka yake. Nilimtafuta Mama Atieno. Nilimkuta ndani, ameshikiliwa na wanawake. Akaniambia, "Nyathina, wacha tu. Hata mimi hawanisikii." Nyathina ni mwanangu.

Nilimpigia Daktari simu. Haikupokelewa.

Walitoka. Nilisimama kwenye ua. Nisiseme uongo, Mama, Silwal alikuwa mzuri. Alitoka mbele ya wote, shingo juu, majani yanamning'inia, ngoma nyuma yake, wanaume wanaimba na kulia kwa pamoja, na kwa muda mfupi nilidhani mimi ndiye mjinga, kwamba amepona kweli na vitabu vyangu vimekosea. Wakashuka bonde, vumbi likawaficha.

Waliporudi alikuwa wa mwisho. Alikuwa anayumba, mdomo wazi, ulimi nje. Alifika karibu na lango akapiga magoti, pale pale alipokuwa akipiga magoti siku za kwanza nilipokuwa namfundisha kusimama. Nikakimbia. Nikamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama nazi iliyokunwa. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nilimshika kichwa tu. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Amefuata mwenyewe," na watu wakaitikia, wakatulia, na niliwaona kabisa wamefarijika. Kwao ilikuwa sawa. Fahali amekwenda na bwana wake. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nimepoteza kitu.

Kisu kilifika haraka, kabla roho haijatoka. Msiba ulikuwa umejaa watu na masufuria yalikuwa yameshawekwa motoni. Na hapo, Mama, nikafungua mdomo tena. Unanijua. Mwanao hajui kunyamaza. Niliwaambia nyama hiyo isiliwe, dawa niliyomdunga bado imo mwilini mwake, inatakiwa ikae muda mrefu kwanza itoke. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, kwenye kilio.

Hapo upole ukaisha. Ouma akasema, "Watu hawa wote wametoka mbali. Unataka wakule nini? Wakule vitabu?" Mwanamke mmoja akasema huyu Mwislamu hataki tu nyama ya kwetu. Nikajaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mchawi.

Daktari Okello akafika wakati huo kwa pikipiki yake, na shada la maua la kutoa pole. Kila mtu akamgeukia. Ouma akamuuliza, "Daktari, huyu msichana wako anasema nyama ni sumu. Ni kweli?"

Daktari alimtazama yule fahali. Akawatazama watu. Akayatazama masufuria. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, Mama, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha jambo hilo, kwa maneno yake mwenyewe.

"Ikichemshwa sana," akasema, "haina shida."

"Daktari, sindano ya mwisho ni juzi," nikasema.

"Nimesema."

Wakapika. Wakala. Sijasikia mtu aliyeugua, na siwatakii waugue. Lakini hata nikisema leo kwamba nilikuwa sahihi, nitamwonyesha nani?

Tulipokuwa tunashuka na pikipiki alisimama njiani, akazima injini. Alisema bila kunitazama, "Ukisimama mbele ya watu wa msiba uwanyime chakula, kesho nani ataniita? Wewe utarudi kwenu. Mimi nitazikwa hapa." Ni kweli atazikwa hapo. Nikamuuliza tu kuhusu ahadi yake. Nilimwambia nilimshika mwenyewe, nilimsimamisha mwenyewe, Mama Atieno ni shahidi.

"Mimi nilisema mpaka mwisho," Daktari akasema. "Sasa nitawaambia nini? Mnyama iko wapi?"

Sikulia mbele yake. Nililia Sori, chumbani kwangu, na asubuhi yake nikamrudishia mabuti yake yakiwa safi. Aliniambia nikae, atanitafutia mnyama mwingine. Nilimtazama nikaona hata yeye haamini. Mimi sina mwingine ndani yangu. Kuanza tena kubeba sanduku, kukaa tena kwenye kigoda, kungoja tena mzee anayekufa anionee huruma, siwezi.

Kwa hiyo niko Oyugis, kwa mdogo wako. Napima mapazia. Nimekuwa hodari, Mjomba anasema nina mkono mwepesi wa kukata kitambaa kikanyooka. Wateja wananipenda kwa sababu ya Kiswahili changu, wanakuja kunisikiliza tu. Siku za soko ng'ombe hupita mbele ya duka kwenda mnadani. Zamani nilikuwa nikiwatazama miguu, nani anachechemea, nani ana kikohozi, nani amejaa kupe. Sasa nimejizoesha kukaa na mgongo mlangoni. Wiki iliyopita mama mmoja wa duka la jirani alikuja mbio, mbuzi wake amekwama kuzaa, amesikia kwamba mimi nilisomea. Nilimwambia amekosea, aliyesomea ni mwingine. Mjomba alinitazama. Alinipa chai.

Usinipigie simu kunitia moyo. Moyo ninao. Kilichoisha ni mahali pa kuupeleka. Na usimlaumu Mjomba, yeye amenifanyia wema kuliko nilivyostahili. Ile karatasi kwenye fremu, kama inakuletea maswali ya watu, itoe. Weka picha ya Bibi.

Wasalimie wote. Bibi, mama mzaa baba, mwambie nimeota naye amekaa anasuka ukili. Mwanaisha, mdogo wangu, mwambie akazane na masomo lakini achague kitu kisicho na damu. Baba mdogo wa shambani, mwambie mbuzi wake nimewaombea. Shangazi wa Ukunda, mpe mikono yangu yote miwili. Maalimu mpe salamu, na lile la Kisegi libaki kati yetu.

Na sasa ng'ombe wako. Mama, asinisubiri mimi. Kwato zikipinda hivyo zitamtia donda, donda litaingia ndani, na hutamwona tena akienda kisimani. Mwite yule bwana wa mifugo uliyemrudisha. Muombe radhi, mpe chai, usiseme tena mbele yake una daktari. Siku akija, ninakuomba jambo moja. Usiende jikoni. Mshike ng'ombe kichwa wewe mwenyewe, usimame karibu, umwangalie yule bwana. Angalia anaanza mguu upi, anamfungaje kamba, anakata wapi na anaacha wapi, damu ikitoka anafanya nini.

Halafu uniandikie, Mama. Taratibu, usiruke kitu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mwanao akupendaye,
Mejumaa